Mgeni Anapoangukia Mlangoni

Hotuba kwa mafundi wa kompyuta na wanafunzi wao, Kariakoo, Dar es Salaam

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Asanteni kwa kupanda ngazi zote hizo siku ya Jumamosi, siku ambayo kila fundi wa Kariakoo anajua ndiyo ya wateja. Naomba feni ile ya kona igeuziwe watu wa nyuma, na dirisha la upande wa mtaani lifungwe nusu, maana yule jamaa wa kipaza sauti anauza mashuka kwa sauti inayoishinda yangu.

Nimekuja na mzigo mmoja tu. Ni kompyuta hii ya mezani, mtumba, prosesa yake Core 2 Duo E8400, RAM giga 4. Nimeinunua hapa hapa chini. Ndani yake nimeweka Linux, na ndani ya hiyo Linux nimetengeneza mashine pepe, ile ambayo mtaani tunaiita viemu. Tazameni ukutani. Naiwasha.

Mmeona? Maandishi yamepita mbio kama daladala inayowahi foleni, kisha yakasimama ghafla. Chini kabisa pameandikwa Kernel panic, yaani kerneli, kiini cha Linux, imeshindwa kuendelea. Haitoki hapo hata ukibonyeza nini. Sasa nawauliza: hii ingekuwa kazi ya mteja, ungefanya nini? Kijana wa mstari wa tatu, mwenye fulana ya njano, amejibu hata sijamaliza swali: "Piga upya, fundi." Mmecheka, lakini nawajua. Mmecheka kwa sababu kawawahi.

Kupiga upya ndiyo dawa ya mji huu. Kompyuta nzito? Piga window. Haitoi sauti? Piga window. Mimi nimesomesha watoto kwa kupiga window, kwa hiyo siidharau kazi hiyo. Ila kwenye mashine pepe dawa hii inakula bando bure. Unaifuta, unashusha upya faili la kusakinishia, giga mbili zinakwenda, unasubiri, unabonyeza, na inakufa kwenye mstari ule ule. Mgeni yule yule, nyumba ile ile, kizingiti kile kile.

Kwa wanaoanza: mashine pepe ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu ndani ya kompyuta ya chuma. Ile ya chuma ndiyo mwenyeji, ya ndani ndiyo mgeni. Programu inayosimama katikati yao, iwe VirtualBox, KVM au VMware, inaitwa haipavaiza, nayo kazi yake ni kumhakikishia mgeni kwamba yuko kwake: hii ndiyo prosesa yako, hii diski yako, hii saa yako. Mgeni anaamini, hana pa kutokea akachungulie. Siku akiegemea kitu alichoahidiwa na kumbe hakipo, anaanguka. Na kwa kuwa ni wakati wa kubuti, yaani kuamka, ndipo anapovigusa vitu vyote kwa mara ya kwanza, maanguko mengi hutokea hapo. Nililokuja kulisema ni hili: mgeni akiangukia mlangoni, kagua nyumba kabla ya kumfukuza mgeni. Na ukiwa na chuma kuukuu kama hiki, ikague mara mbili.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa, nalo ndilo linaloeleza kwa nini kompyuta za zamani zinasumbua wakati wa kubuti hasa, ilhali mgeni akishapita hapo anatembea vizuri tu.

Prosesa ya ukoo huu wa Intel na AMD tunaoutumia haiamki ikiwa ya biti 64. Ukibonyeza kitufe inaamka ikijidhania ni 8086, chipu ya mwaka 1978 ya biti 16. Inaanza kazi katika hali hiyo ya kitoto, inapandishwa biti 32, kisha 64. Ni kama mtu anayeamka kila siku akiwa darasa la kwanza, na kabla chai haijachemka ameshamaliza chuo kikuu.

Sasa Intel walipoleta VT-x, Novemba 2005, walimruhusu mgeni aendeshwe na prosesa moja kwa moja, ila kwa sharti: awe ameshatoka utotoni, amefika kwenye hali yenye ulinzi na kurasa za kumbukumbu. Yule mtoto wa biti 16 hakuruhusiwa kupita. Haipavaiza ikalazimika kumbeba mgongoni, kwa kuziiga amri zake kwa programu au kwa hila nyingine, mpaka avuke. Ruhusa ya kuvuka kwa miguu yake mwenyewe ilikuja na prosesa za Westmere, mwaka 2010. AMD, waliotoa ya kwao, AMD-V, mwaka 2006, hawakuweka sharti hilo.

Kwa hiyo kwenye Core 2 Duo, na hata kwenye Core i7 za kwanza za mwaka 2008, kila mgeni anavushwa mto mgongoni kabla hajaanza kutembea. Butiloda, ile programu ndogo inayouamsha mfumo, ikijigeuza kwa namna ambayo mbebaji hakuitegemea, wote wawili chini. KVM iliingia kwenye kerneli ya Linux toleo la 2.6.20, Februari 2007, na miaka ile ya mwanzo CD za kusakinishia zenye menyu ya picha, zile za gfxboot, zilikuwa zikiangukia mtoni hapo hapo. KVM ikishindwa huandika hivi: KVM: entry failed, hardware error 0x80000021. Na chini yake inafafanua, kwa ukarimu ambao programu nyingi hazina, kwamba kama uko kwenye mashine ya Intel isiyo na unrestricted mode, yaani ile ruhusa ya kuvuka kwa miguu yake, huenda mgeni ameingia katika hali isiyokubalika na VT.

Nina fundi mwenzangu, simtaji, aliona ujumbe huo akanunua RAM mpya. Macho yalifika kwenye neno hardware, mkono ukafika kwenye waleti. Angeshuka mstari mmoja tu.

Kwenye Linux huhitaji kukisia. Fungua faili /sys/module/kvm_intel/parameters/unrestricted_guest. Ukikuta Y, mgeni anavuka mwenyewe. Ukikuta N, anabebwa. Kwenye mashine yangu hii ni N, kama mlivyotegemea. Mwenye N ana mawili ya kujaribu: butiloda ya maandishi matupu badala ya menyu ya picha, au haipavaiza toleo jingine, kwa sababu mbebaji mmoja anajua mto kuliko mwingine.

Halafu niseme kidogo, kwa wanaopenda historia. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walishaandika masharti ambayo prosesa inapaswa kuyatimiza ili iweze kukaribisha wageni kwa usalama. Prosesa zetu hizi zilizaliwa baada ya hapo na bado hazikuyatimiza. VMware mwaka 1999 walizunguka tatizo kwa kuzitafsiri amri korofi papo kwa papo. Yaani ukarimu huu umejengwa juu ya chuma ambacho hakikukusudiwa kupokea mtu. Ukikuta nyufa, usishangae.

Sasa niwapeleke Gerezani, mtaa wa jirani.

Kuna mzee anauza vipuri vya magari pale. Stoo yake yote, kuanzia bushi mpaka gasketi, iko kwenye programu iliyoandikwa zama za Windows XP, na aliyeiandika hapatikani tena. Kompyuta yake ilikuwa inakoroma kama mgonjwa wa pumu. Nikachomoa diski, nikainakili nzima iwe faili, nikaipandisha VirtualBox kwenye kompyuta nyingine mtumba, Core i5 ya kizazi cha tatu. Nikabonyeza. Nembo ya XP ikaja, vile vijiboksi vya chini vikatembea mara mbili, skrini ikapepesa bluu, ikajiwasha upya. Nembo, vijiboksi, bluu. Tena. Tena.

Mzee amekaa pembeni na kikombe chake cha kahawa. "Fundi, mbona inazunguka kama pia?"

"Subiri kidogo, mzee wangu."

Ile bluu ilikuwa na maneno, ila XP imepangwa ijiwashe upya hata hujayasoma. Nikabonyeza F8 mwanzoni kabisa, nikachagua ule mstari wa kuizuia isijiwashe yenyewe. Safari hii bluu ikasimama: 0x0000007B, INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kwa Kiswahili cha Gerezani: nimeamka, sioni mlango wa stoo. XP ni ya mwaka 2001, haikuzaliwa na dereva ya AHCI, lugha ya diski za SATA. Kwenye kompyuta yake ya zamani diski ilikuwa IDE, njia ya kizamani. Mimi, kwa mazoea, nilikuwa nimeichomeka kwenye SATA ya pepe. Nikaenda kwenye mipangilio, nikaihamishia IDE, PIIX4. Ikawaka. Dakika mbili. Ningeifuata ile dawa yetu ya kupiga upya, ningeisafisha stoo nzima, bushi mpaka gasketi, halafu sijui ningepita vipi mtaa ule.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu ya pili ndiyo naipenda zaidi.

Miezi mitatu baadaye simu. Shikamoo mzee. "Marahaba. Njoo, XP yako imekufa." Ikishaharibika ni yangu, ikifanya kazi ni yake. Nikaenda. VirtualBox inakataa hata kumfungulia mgeni, inasema VT-x imezimwa kwenye bayosi, ile mipangilio ya ubao mama: VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED. Jana yake ilikuwa inafanya kazi. Nikamuuliza nani ameingia bayosi. Akaniangalia kama nimemuuliza nani ameingia mbinguni. Nikaiwasha VT-x, nikahifadhi, mgeni akaamka, nikanywa kahawa ya mzee, nikaondoka.

Baada ya siku mbili simu tena. Ujumbe ule ule. Nikawasha tena. Wiki iliyofuata, tena. Safari ya tatu ndipo nikaona nilichotakiwa kukiona ya kwanza: kivinjari kinalalamika kwamba saa ya kompyuta iko nyuma. Nikaangalia pembeni ya skrini. Tarehe 1 Januari 2012.

Betri, ndugu zangu. Ile CR2032, kidonge cha fedha kilicholala kwenye ubao mama. Ilikuwa imekwisha. Umeme wa mtaa ukikatika usiku, bayosi inasahau kila kitu na kurudi ilivyotoka kiwandani, na kwenye bao nyingi za zama zile kiwandani VT-x huwa imezimwa. Asubuhi mzee anawasha, mwenyeji anaamka vizuri, kwa kuwa yeye hahitaji VT-x. Mgeni ndiye anayekosa mlango. Nikanunua betri kwa bei isiyofika sahani ya chipsi mayai, nikaibadilisha, nikarekebisha saa. Mpaka leo simu zake ni za kunisalimia tu. Na ninyi mnaohudumia ofisi zenye mtumba: mgeni akianza kugoma baada ya umeme kukatika, angalia tarehe ya mwenyeji kabla ya kitu kingine chochote. Ni sekunde mbili.

Kuna la kuongezea hapo. Baadhi ya bao, ukishaiwasha VT-x kwenye bayosi, kuanzisha upya hakutoshi. Swichi hiyo hufungwa kwa kufuli ndani ya prosesa mpaka umeme ukatike kabisa. Zima, chomoa waya ukutani, hesabu mpaka kumi, chomeka. Nimewahi kurudishiwa pesa na mteja wa fundi mwingine kwa sababu tu mimi nilichomoa waya. Naona mnaguna, nilimaanisha amenilipa mimi zile alizorudishiwa na yule.

Na kwa nini XP ya biti 32 iitake VT-x? Zamani haikuitaka. VirtualBox iliweza kuwaendesha wageni wa namna hiyo kwa programu tupu, mpaka toleo la 6.1 la Desemba 2019 lilipoiondoa njia hiyo. Kabla ya hapo, toleo la 6.0 la Desemba 2018 lilishaacha kuwapokea wenyeji wa biti 32. Kwa hiyo mtu mwenye Core 2 Duo E4500, ambayo haina VT-x kabisa, anasasisha VirtualBox siku moja kwa nia njema na wageni wake wote wanabaki nje. Atabaki na toleo la 6.0, au la 5.2 kama mwenyeji wake ni wa biti 32, na yote mawili hayapati tena marekebisho ya usalama. Basi mashine hiyo isiguse intaneti. Na ole wake akimleta mgeni wa biti 64 katika nyumba hiyo. Linux itamwambia bila kupepesa: This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU. Mgeni amekuja na kitanda cha sita kwa sita, mlango ni wa choo.

Sasa tuingie kwenye aina ya maanguko ambayo miaka hii ndiyo imetawala, na ndiyo hii iliyoko ukutani.

Prosesa zinazaliwa zikijua amri nyingi kuliko mama zao. Kwa muda mrefu mifumo endeshi ilitumia amri za msingi tu, zile ambazo prosesa yoyote ya biti 64 inazo, ili isimwache mtu. Mwaka 2020 watengenezaji wakakubaliana kuzigawa katika madaraja: x86-64-v2, v3 na v4. Daraja la pili linataka amri za SSE4.2, POPCNT na ndugu zake, vitu vilivyokuja Intel na Nehalem mwaka 2008. La tatu linataka AVX2, iliyokuja na Haswell mwaka 2013. Red Hat Enterprise Linux 9, Mei 2022, ikapanda daraja la pili. Toleo la 10, Mei 2025, likapanda la tatu. Windows 11 toleo la 24H2 nalo halibuti bila SSE4.2 na POPCNT. Na kabla ya hao, Windows 8.1 ya biti 64 ilishadai amri ya CMPXCHG16B, na watu wa VirtualBox wakawa wanakutana na skrini ya bluu ya 0x000000C4 mpaka wakajifunza kumwonyesha mgeni amri hiyo kwa VBoxManage, chombo cha maandishi cha VirtualBox.

Sikilizeni neno hilo, kumwonyesha. Maana hapa pana mafumbo mawili yanayofanana sura. La kwanza: chuma hakina. La pili: chuma kinacho, ila haipavaiza imekificha.

Kwa nini ifiche? Ukiianzisha QEMU, mwenza wa KVM anayemuundia mgeni vifaa vyake, bila kuiambia mgeni apewe prosesa gani, inampa moja ya kutunga inayoitwa qemu64, ya kizamani, ili mgeni huyo aweze kuhamishiwa mashine yoyote bila kushtuka. Proxmox, wanaofunga KVM na QEMU kwenye mfumo mmoja, nao walikuwa wakitoa kvm64 mpaka toleo la 8, mwaka 2023, walipobadilisha na kuweka x86-64-v2-AES. Basi mtu ana Core i5 nzuri ya kizazi cha tatu, yenye SSE4.2 kwenye damu, anamleta AlmaLinux 9, ndugu wa Red Hat 9 hiyo, na anaanguka. Anahukumu: kompyuta yangu imezeeka. Haijazeeka. Nenda kwenye aina ya prosesa, chagua host, yaani mgeni aione prosesa kama ilivyo. Kazi imekwisha. Ila i5 hiyo hiyo ukiileta mbele ya toleo la 10, hapo kweli chuma hakina. AVX2 ilikuja kizazi cha nne. Ukiwa shabiki wa ukoo huo, AlmaLinux wametoa toleo la 10 lililojengwa kwa daraja la pili, kwa ajili ya watu wa mtumba kama sisi. Mungu awabariki.

Ukitaka kujua nyumba yako iko daraja gani, kwenye Linux yoyote ya karibuni andika /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help. Shuka chini kabisa, utaona madaraja yameorodheshwa, na lile linalowezekana limeandikwa supported. Ifanye kwa mwenyeji, kisha kwa mgeni mwingine ambaye anabuti. Wakitofautiana, kuna mtu anaficha.

Yapo mengine nitayapitia haraka, maana nayaona macho ya njaa na harufu ya pilau inapanda ngazi.

RAM. Mwenyeji ana giga 4, unampa mgeni giga 3 na nusu, halafu unashangaa Linux ya mwenyeji imemuua mgeni katikati ya kubuti. Kerneli ikiishiwa, inachagua mlaji mkubwa inamchinja. Kinyume chake, ukimpa mgeni megabaiti chache mno, ataandika Initramfs unpacking failed, kisha atadai haoni mfumo wa faili wa mzizi. Watu wanahangaika na diski, kumbe hakuwa na nafasi ya kufungulia begi.

Joto. Hapa ni Dar, na kompyuta ya duka la jumla inameza vumbi la unga, la saruji na la barabara. Prosesa ikichemka inajipunguzia mwendo. Mgeni anapigwa usingizi bila kujua, akizinduka anaona saa imeruka, anaandika soft lockup, CPU#0 stuck for 22s. Hajaharibika. Amezimia kwa joto la nyumba. Safisha feni, badilisha ile pesti kavu, mpe mgeni prosesa moja badala ya mbili. Mimi nimetoa mende kwenye pawasaplai akiwa hai na familia yake yote, na baada ya hapo soft lockup haikurudi. Sisemi mende ndio sababu. Nasema walihama.

Diski. Umeme ukikatika mgeni akiwa anaandika, kesho yake utamkuta amesimama kwenye initramfs na BusyBox, chumba cha dharura cha kubuti, anasubiri fsck, yaani ukaguzi wa mfumo wa faili. Kabla ya kumtibu, nakili faili lake la diski kwanza. Narudia: nakili kwanza. Na uichunguze diski ya mwenyeji kwa smartctl, chombo cha kusoma afya ya diski, hasa Current_Pending_Sector, idadi ya sekta zinazoshukiwa, maana faili la mgeni likiwa limelala juu ya sekta mbovu, utamfanyia fsck mpaka Krismasi. Vilevile, kama mgeni alihifadhiwa akiwa usingizini kwenye kompyuta moja na unamwamsha kwenye nyingine yenye prosesa tofauti, mwondolee usingizi huo, abuti upya kwa utaratibu.

Mtu hapo mbele ameuliza: huo ujumbe ninausomaje ikiwa unapita kwa nusu sekunde? Swali zuri kuliko hotuba yangu. Kwa Linux, kwenye GRUB, butiloda yake, bonyeza e, futa maneno quiet na splash, ili mgeni aache kujifanya mtaratibu na aseme kila anachofanya. Unaweza pia kumwongezea console=ttyS0, ili aandike kwenye bandari ya serial, na kuielekeza bandari hiyo ya pepe kwenye faili la mwenyeji, akifa wosia wake unabaki. Kwa VirtualBox, ndani ya folda ya mgeni kuna Logs, na ndani yake VBox.log. Ni ndefu, lakini mimi naisoma kutoka chini kwenda juu. Ukikuta Guru Meditation, usicheke, jina hilo walilirithi kwa kompyuta za Amiga. Hapo haipavaiza yenyewe ndiyo iliyokwama, mgeni hana kosa.

Na vyote vikishindikana, toa simu mfukoni, rekodi skrini kwa ile video ya mwendo wa pole, kisha irudie picha kwa picha. Hii hakunifundisha mhandisi. Nilifundishwa na binti yangu, aliyekuwa anarekodi paka.

Jambo la mwisho kabla ya pilau: ukirekebisha, badilisha kitu kimoja, washa, angalia. Ukibadilisha vitano kwa mpigo na mgeni akaamka, utamwambia nini mteja wa kesho? Utamrudia na vile vile vitano.

Haya, turudi ukutani. Kijana wa fulana ya njano, njoo huku mbele, usiogope. Kaa kwenye kibodi. Aina ya prosesa nimeshaweka host, kwa hiyo hakuna anayeficha. Nisomee, si mstari wa panic, ule wa juu yake kidogo.

Sauti, wa nyuma hawasikii.

"Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2."

Sawasawa. glibc, maktaba ya msingi ya programu za Linux, inadai daraja la pili. Na prosesa yetu ni E8400. Inayo SSE4.1. SSE4.2 je? Andika lscpu upande wa mwenyeji, itafute. Haipo. Kwa hiyo hili ni fumbo la kwanza au la pili? La kwanza: chuma hakina. Ungempiga upya huyu AlmaLinux 9 mara ngapi, kaka? Mara kumi angekujibu hivyo hivyo. Ungeweza kuilazimisha QEMU imwigie prosesa nzima kwa programu, bila KVM, angebuti, ila ungekuta sisi tumeshakula tumenawa. Kwa nyumba hii tunatafuta mgeni wa saizi yake. Debian 12 ya biti 64 bado inatumia amri za msingi, na faili lake liko kwenye flashi hiyo ya bluu.

Chomeka. Badilisha faili la CD peke yake, RAM iache, diski iache. Sasa washa, na wewe mwenyewe utuambie unachokiona.